Duara la Penseli kwenye Kurasa za Njano

Meza niliyorithi kwa Baba ina mguu mmoja mfupi. Kwa miaka mingi mguu huo umekuwa ukikanyaga kitabu kinene ili meza isiyumbe, na meza ilipohamia kwangu, kitabu kilikuja nayo. Wiki chache zilizopita niliisogeza nipate kufagia. Kitabu kikabaki peke yake sakafuni, jalada limebonyea pale mguu ulipokuwa. Nikakiinua nikitupe.

Sikukitupa.

Kilikuwa kitabu cha simu, kile cha biashara, chenye kurasa za njano. Karatasi zake ni nyepesi kiasi kwamba ukiinua moja unaona maandishi ya upande wa pili, na wino bado unaacha weusi kwenye ncha za vidole. Kilifunguka chenyewe, mahali palipozoea kufunguliwa, kwenye kichwa MAFUNDI SAA. Chini yake majina kumi na moja. Manane yamepigwa mstari wa penseli. Mawili hayana alama yoyote. Moja, la tatu kutoka mwisho, limezungushiwa duara, tena si mara moja. Penseli ilikandamizwa hadi ukipapasa ukurasa kwa nyuma unalihisi duara kwa kidole.

Pembeni kuna tarehe kwa mwandiko wa Baba. Saba yake ina kistari katikati.

Baba hayupo wa kumuuliza. Na ukurasa ule haukuniacha.

## Kitabu cha asiyejua jina

Kitabu cha simu cha majina kinamtaka msomaji awe tayari anamjua anayemtafuta. Kurasa za njano zilimhudumia mtu mwingine kabisa: bomba limepasuka, ufunguo umevunjikia ndani ya kitasa, jino limemkesha usiku kucha. Mtu huyo hana jina la yeyote kichwani. Ana shida, na shida ndiyo anwani yake ya kuanzia.

Siku zote nilidhani kupanga watu kwa kazi zao ni jambo lililobuniwa baadaye, majina yalipozidi kuwa mengi. Nilipoanza kusoma nikakuta sivyo. Orodha ya kwanza ya wateja wa simu ilitolewa New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, tarehe 21 Februari 1878. Ilikuwa karatasi moja, wateja 50, bila namba hata moja, kwa kuwa ulimtajia opereta unayemtaka naye akakuunganisha. Na karatasi hiyo tayari ilikuwa imegawanywa kwa vichwa: nyumba za watu, madaktari, madaktari wa meno, maduka na viwanda, wauza nyama na samaki, mazizi ya farasi wa kukodi. Mtambo wa kuunganisha simu wa mji ule ulikuwa haujatimiza hata mwezi mmoja tangu ufunguliwe. Namba zilikuwa bado hazijawekwa, lakini mtu fulani alikwisha kuona kwamba anayenyanyua simu huenda anamtaka daktari, daktari yeyote, na si lazima awe fulani bin fulani.

Kwa hiyo haja ilitangulia namba.

Rangi ya njano ilikuja kwa bahati, kama inavyosimuliwa. Mwaka 1883 mpiga chapa wa Cheyenne, Wyoming, aliishiwa karatasi nyeupe akatumia za njano alizokuwa nazo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, mchapishaji Reuben H. Donnelley alitoa Chicago kitabu kinachotajwa kuwa cha kwanza rasmi cha aina hiyo, na baada ya hapo rangi ikawa ndiyo jina.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote katika kitabu changu ni vile vistari vidogo visivyo na namba. *Majeneza: tazama Mazishi. Funguo: tazama Vitasa. Maji yaliyoziba: tazama Mafundi Bomba.* Aliyeviandika alikaa kitako akajiuliza mwenye shida atalitafuta jambo lake kwa neno gani. Hakumngoja ajifunze lugha ya wenye kazi. Nimevisoma vistari hivyo jioni nzima, kimoja baada ya kingine, nikahisi kuna mtu ameketi upande wa pili wa ukurasa akinionyesha njia.

## Ukurasa una mwisho

Wiki ya kwanza nilijijengea hadithi kuhusu alama za Baba, nayo ilikuwa tamu.

Saa yake ilisimama. Akafungua kitabu, akampigia wa kwanza, akaambiwa haiwezekani, akampiga mstari. Akaenda kwa wa pili. Wa tatu. Wa nne. Mafundi wanane wakamkataa, yeye hakuchoka, mpaka wa tisa akamwambia ilete. Ndiyo maana ya duara. Ndiyo maana ya kukandamiza penseli.

Hadithi hiyo ilinipa hoja ya kuandika. Nilichukua simu yangu nikatafuta fundi saa. Majibu matatu yakaja juu, la kwanza tangazo, la pili duka la saa mpya, la tatu fundi kweli, mwenye nyota nne na nusu. Chini yake majibu mengine, na mengine, hayana mwisho ninaoweza kuufikia. Sikujua ni mafundi wangapi wapo. Sikujua nani ameachwa nje wala kwa nini. Kwenye kitabu niliona kumi na mmoja, kisha mstari, kisha kichwa kingine kikaanza. Ukifika chini unajua umefika chini.

Niliona hapo ndipo tulipopoteza kitu. Kitabu kilikupa orodha yote kwanza, hukumu ukafanya mwenyewe kwa penseli. Leo hukumu inakuja imeshafanywa, na orodha yote hatuioni kamwe.

Nikamkumbuka Almon Strowger, aliyekuwa na biashara ya mazishi huko Kansas City. Inasimuliwa kwamba aliamini wateja wake wanapotea katikati ya waya: wafiwa wanamwomba opereta awaunganishe na mtu wa mazishi, naye anawapeleka kwa mshindani wake. Kwa hasira hiyo akabuni mtambo unaounganisha simu wenyewe, bila mkono wa mtu. Hataza aliipata mwaka 1891, na mwaka uliofuata mtambo wa kwanza ukaanza kazi La Porte, Indiana. Hofu ya Strowger naielewa vizuri. Alihofia mtu aliyekaa kati ya mwenye haja na mwenye huduma, anayechagua kimya kimya, na hakuna anayemwona akichagua.

Nikaandika kurasa nne kwa mkono. Zilinipendeza.

Halafu nikazisoma tena, na mashaka yakaanza.

## Nani aliuchora ukingo?

Nilirudi kwenye kitabu nikakitazama kama mtu asiyekipenda.

Mafundi bomba wana kurasa tano. Ukurasa mzima wa kwanza ni wa kampuni moja, picha ya mtu mwenye spana, namba imeandikwa kwa tarakimu za kimo cha kidole gumba. Zinafuata robo kurasa. Kisha visanduku. Chini kabisa, kwa herufi za mchwa, yale majina yaliyokuja bure pamoja na laini ya simu ya biashara. Kwenye vitabu vingi vya Marekani mpangilio wa matangazo makubwa ulikuwa hivi: ukubwa kwanza, kisha miaka uliyokwisha kulipia. Aliyenunua ukurasa mapema alikaa mbele, na anayeanza leo angesubiri miaka mingi kumfikia.

Na alfabeti je? Niliitegemea kama hakimu asiyehongwa. Wenye biashara waliihonga zamani sana, kwa kujiita A1, AAA, na A nyingine zaidi kadiri walivyobanana. Majina yasiyo na maana yoyote ila kutangulia.

Lakini kilichonivunja kabisa ni kesi mbili za mwaka 1991.

Ya kwanza ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Rural Telephone Service, kampuni ndogo ya simu ya Kansas, ilikataa kumruhusu mchapishaji Feist atumie orodha yake ya majina, Feist akainakili. Walijuaje? Ndani ya orodha Rural walikuwa wametia wateja wa uongo kama mtego, na wanne kati yao wakatokea kwenye kitabu cha Feist. Hata hivyo Feist alishinda. Mahakama ilisema jasho la kukusanya majina na kuyapanga kwa alfabeti halimpi mtu hakimiliki. Pawepo na ubunifu, hata chembe.

Kesi ya pili ilihusu kitabu cha njano cha biashara za Wachina wa New York. Hapo mahakama ya rufaa ilisema kitabu kile kinalindwa, kwa sababu mhariri wake alichagua wa kumwingiza na wa kumwacha. Alieleza mahakamani kwamba aliziacha biashara alizoona hazitadumu.

Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa.

Alizoona hazitadumu. Mtu amefungua duka, ana kibao mlangoni, na mhariri anapita, anatazama, anatikisa kichwa. Msomaji atakapofika chini ya ukurasa atadhani amewaona wote. Ukingo ule niliousifu kurasa nne nzima uliweza kuwa mkono wa mtu vilevile. Na hata pale kampuni ya simu ilipowaingiza wateja wake wote bila kubagua, fundi asiye na simu hakuwamo. Kwa kitabu, hakuwapo.

Zile kurasa nne nilizichana.

## Jinsi vilivyoondoka

Kuhusu mwisho wa vitabu hivi nitasema kwa ufupi, maana kila mtu anaujua. Ufaransa walianza mapema: Minitel, kile kiskrini kidogo cha nyumbani kilichoanza kusambazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kushika nafasi ya kitabu cha simu. Kilizimwa tarehe 30 Juni 2012. Uingereza, kitabu cha njano kilichoanzia Brighton mwaka 1966 kilimalizikia Brighton hukohuko Januari 2019. Kati ya hapo vitabu vilikuwa vikirundikana milangoni bila kuombwa. Mji wa Seattle ulijaribu kuwapa wakazi njia ya kuvikataa na kuwatoza wachapishaji ada, lakini mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikaifuta sheria hiyo. Ilisema kitabu cha njano ni maandishi yenye haki ya kulindwa kikamilifu, matangazo yake na yote.

Silii karatasi. Nimeona marundo yale yakiloa mvua, na sitaki yarudi.

Kilichonisumbua bado kilikuwa duara.

## Mama anasema vingine

Jumapili moja nikakibeba kitabu nikaenda nacho kwa Mama. Nilimfungulia ukurasa wa mafundi saa bila kusema neno. Akavaa miwani.

"Hii saa ya babu yako," akasema papo hapo.

Nikamsimulia hadithi yangu, ya wanane waliokataa na wa tisa aliyekubali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyonisikiliza siku zote, kisha akasema, "Siyo hivyo, mwanangu. Hao wanane ndio waliokubali."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

Wanane walimwambia Baba alete. Akapeleka. Huyu akaifungua akaifunga, akadai pesa ya kufungua. Yule akakaa nayo miezi miwili. Mwingine akairudisha na kioo kimepasuka, akasema ilikuja hivyo. Kila alipotoka kwa mmoja Baba alirudi nyumbani, akafungua kitabu, akapiga mstari. Hakupiga kwa kufuata alfabeti. Alichagua kwa ukaribu wa nyumba, na kwa namna mtu alivyoitikia simu.

"Na huyu wa duara?"

"Huyo alimwambia usilete. Alimwuliza aina ya saa, alimwuliza ikisimama inasimama vipi, akamwambia kipuri chake hakitengenezwi tena, usipoteze nauli. Hata hakumwona uso. Baba yako alikata simu akasema, nimempata fundi."

Saa haikupona. Bado ipo kwenye droo ya Mama, mishale imesimama. Lakini kwa miaka iliyofuata, saa zote za ukoo mzima, za ukutani na za mkononi, zilipelekwa kwa mtu yule. Majirani waliokuja kuuliza fundi walionyeshwa ukurasa. Ndiyo sababu kitabu kinafunguka pale.

Nimeliwaza sana jambo hili. Kitabu hakikujua fundi mwaminifu ni yupi, na hakikujifanya kujua. Majina yote kumi na moja yalikaa kwa herufi sawa, walaghai na wakweli. Ujuzi uliokuwa kwenye ukurasa ule ulikuwa wa penseli, nao ulipatikana kwa nauli na kioo kilichopasuka. Zile nyota nne na nusu kwenye simu yangu ni penseli za watu nisiowajua. Labda nao walilipa nauli. Labda fundi mwenyewe aliziandika. Mstari wa Baba nilijua unatoka mkononi mwa nani.

## Mstari mmoja

Nilidhani tumemaliza. Mama hakurudisha kitabu.

Alilamba kidole, akafunua kurasa kuelekea mwisho kwa haraka ya mtu anayejua anakokwenda. Akafika WASHONAJI. Kidole kikashuka, kikapita visanduku, kikapita majina ya herufi nzito, kikasimama kwenye mstari mwembamba katikati ya mistari myembamba. Jina lake la kazi. Namba ya ile simu iliyokuwa ukutani sebuleni.

Nimeishi na kitabu kile wiki nzima nikikisoma kama mtafutaji. Haikunipitia akilini kwamba Mama alikuwa ndani yake.

Mstari ule ulikuja na laini ya simu, haukulipiwa kitu. Wakala wa matangazo alimjia kila mwaka na mkoba, akimwonyesha visanduku vya ukubwa mbalimbali, na kila mwaka Mama alimkaribisha, akamsikiliza, akamwambia mwakani. Mwaka mmoja kitabu kipya kikaletwa. Akafungua kwenye washonaji. Hayumo. Akarudia. Hayumo. Baada ya siku mbili simu ya kwanza ikalia, mtu anauliza bei ya sindano za cherehani.

Walikuwa wamemweka chini ya CHEREHANI: WAUZAJI.

Akapiga kwa wachapishaji. Wakamwomba radhi, wakamwambia watasahihisha toleo lijalo. Toleo lijalo ni mwaka mzima. Kitabu kimekwisha kuingia nyumba zote, na hakuna anayeweza kwenda kukibadilisha kimoja kimoja. Wateja wapya waliokuwa wakitafuta mshonaji hawakumwona. Waliokuwa wakitafuta cherehani, sindano, mikanda na mafuta walimwona kila siku.

"Ulifanyaje?"

"Nilikiweka kitabu pembeni ya simu, kimefunguliwa ukurasa huo wa cherehani. Mtu akipiga, namwambia hapa siyo, lakini chukua kalamu. Namsomea namba za wanaouza. Nikawajua wote. Mpaka mmoja wao akaja kuniuliza mimi ni nani ninayemletea watu."

Aliyekuja alikuwa na duka la cherehani, lile lenye kisanduku kikubwa. Akaanza kumpelekea Mama wanunuzi waliotaka kushonewa badala ya kujifunza kushona. Mwaka ule ulikuwa mgumu, Mama hafichi, na karo yangu ya muhula mmoja ilichelewa kwa sababu ya kichwa kimoja kilichokosewa. Toleo lililofuata ndilo hili lenye jalada lililobonyea. Jina limerudi mahali pake.

"Baba yako alikihifadhi kwa ajili ya fundi saa," akasema. "Mimi nilikihifadhi kwa ajili ya huu mstari."

Aliendelea kuusoma, ingawa hauna cha kusoma zaidi ya jina na tarakimu. Kidole chake kilipohama, kiliacha weusi kidogo pembeni ya namba.

Nilipoaga niliunyoosha mkono nikichukue kitabu.

"Kiache hapa," akasema. "Meza itafutie kipande cha ubao."